Alama ya Fundi Salehe

Ninaandika haya mchana, nikiwa timamu, na mikono yangu ingali inanuka mafuta ya gari. Natanguliza hilo kwa sababu najua mtakalosema: kijana aliyesomeshwa chuo cha ufundi anatusimuliaje habari za wafu? Nami nawajibu kwamba sikusimuliwa na mtu. Yalinifika mwenyewe, hapa Bagamoyo, siku ya Ijumaa, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Asiyetaka kuamini asiamini, lakini asiniambie kuwa niliota.

Lori lilikuwa la chama cha wakulima wa Mkange, mali yao ya kwanza ya pamoja. Injini ilichoka, nikakabidhiwa niifunge upya. Nilitia pete mpya za pistoni na kuzisaga valvu. Ule mnyororo unaozungusha kamshafti, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, niliutupa, maana ulikuwa umelegea kama mkanda wa mtu aliyekonda. Niliweka mpya. Kwenye gia zake mbili palikuwa na alama za kuonyesha zipangwe vipi, zilizochongwa kwa patasi, ndogo kama punje za mpunga. Alizichonga Fundi Salehe, aliyelitunza lori lile miaka mingi na kufariki Ramadhani iliyopita. Nilizielekeza alama zake zikatazamana, kisha nikafunga.

Lori liliwaka na kunguruma vizuri, lakini nguvu haikuwapo. Likiwa tupu lilikwenda. Lilipopakiwa magunia ya ufuta, mwinuko wa kuelekea Msata ulilishinda. Lilisimama katikati likaanza kurudi nyuma, watu wakaruka chini kutia mawe kwenye magurudumu.

Dereva, Mzee Kombo, hakunisubiri hata nifute jasho.

“Mwalimu wa spana, ulimwomba ruhusa mwenyewe kabla hujafungua?”

“Mwenyewe ni chama, mzee wangu.”

“Mwenyewe ni Salehe! Kazi ya fundi haifunguliwi hivi hivi. Akiwa hai unamwendea nyumbani. Akifa unamwendea kaburini, unamsomea Fatiha, unamtaka radhi. Wewe umekuja na daftari!”

Wapakiaji wakacheka. Na kweli, desturi hiyo ipo miongoni mwa mafundi wetu wa zamani. Ina heshima ndani yake, nami siidharau. Lakini nilikataa. Nikikubali kwamba injini imekosa nguvu kwa hasira za marehemu, je, si tutabaki milele tukivitaka radhi vyuma vinavyotengenezwa na wengine? Wazee wa chama wakanipa mpaka Jumamosi. Lori likishindwa tena litapelekwa kwa mganga, na mimi sitaligusa tena. Huku nyuma ufuta ulikuwa umelundikwa Mkange chini ya makuti, na mawingu ya vuli yalikwisha kuanza kujikusanya.

Nilihangaika na kabureta, nikahangaika na plagi. Alhamisi ndipo nilipochukua spoki ya baiskeli, nikaitumbukiza kwenye tundu la plagi nijue pistoni imefika wapi, kisha nikatazama valvu. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa inafunguka mapema mno: moto ulitoka kabla haujamaliza kuisukuma pistoni. Alama zilikuwa zimekosea kwa jino moja. Kwa nini? Kwa sababu Fundi Salehe alizichonga wakati mnyororo wa zamani umelegea. Mnyororo uliolegea huchelewesha kamshafti, naye akaisogeza mbele jino moja ili kufidia. Kwa mnyororo ule alikuwa sahihi kabisa. Kwa mnyororo wangu, alama ileile ilikuwa kosa. Na kosa, nakiri, lilikuwa langu. Mimi niliyejigamba kwamba simfuati marehemu nilikuwa nimemfuata bila kupima!

Ijumaa wote walikwenda msikitini. Mimi ni Mkristo, nikabaki peke yangu katika banda la karakana. Nililegeza mnyororo, nikaishika gia ya juu niirudishe nyuma jino lile moja. Mtu akasimama kando yangu.

“Shikamoo, mzee,” nilisema kabla sijamtazama vizuri.

“Marahaba.”

Alivaa kanzu iliyokunjwa mikono hadi kwenye viwiko. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Aliipapasa gia iliyolowa mafuta, na mkono wake ukatoka mkavu, safi, kama uliopapasa hewa.

“Alama hii ni yangu,” akasema. “Iache.”

Niaminini, nilijua papo hapo. Mlango ulikuwa wazi. Lakini ningekimbilia wapi? Niende Mkange nikawaambie wale watu kwamba ufuta wao uloe kwa sababu nimetishwa?

“Mnyororo wako ulikuwa umelegea, mzee. Huu ni mpya.”

“Nimeisikiliza injini hii kwa sikio langu tangu wewe hujaota meno. Wewe umesikiliza nini?”

“Sikusikiliza. Nimepima.”

“Mtoto wa juzi!”

Akaweka kiganja chake juu ya kidole changu cha shahada. Gia iliyokuwa ikizunguka kwa vidole viwili ikawa nzito kama mwamba, na baridi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Kwa mkono wa pili niliitumbukiza spoki, nikamwonyesha pistoni, nikamwonyesha valvu. Aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, kama fundi yeyote anavyotazama. Hakusema nimekosea. Lakini mkono hakuuondoa. Basi nikavuta, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na gia ikaruka jino moja.

“Utanikumbuka,” akasema. Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu.

Mzee Kombo aliporudi nilimuuliza kama marehemu alikuwa na kidole kilichokatika. Alikodoa macho. “Cha shahada. Kilikatwa na feni ya lori hilihili. Nani kakwambia?”

Jumamosi tulipakia magunia yote. Lori liliupanda mwinuko bila kusita. Kule juu Mzee Kombo alizima injini, akaniambia kwa upole, “Marehemu amekuridhia, mwanangu.”

“Hakuniridhia,” nikasema. “Amebisha mpaka mwisho. Limepanda kwa sababu jino moja lililokosewa limerekebishwa.”

Mpaka leo kidole changu cha shahada hakihisi joto. Nikikigusisha bomba la moshi huungua, nami husikia harufu ya ngozi bila maumivu. Wanaosema ni adhabu, na waseme. Alama yake sikuifuta. Nilichonga yangu kando yake.

Nanyi mtakaoshika spana baada yetu, nawaonya. Siku moja mtafungua injini niliyoifunga mimi, nami nitakuwa kaburini. Huenda nikaja saa saba mchana, nikawashika mkono, nikawaambia muiache alama yangu. Nisalimieni kwa adabu. Kisha pimeni, na mkiona nimekosea, vuteni.