Mama Nzau Afunga Mkutano wa Bajeti

Mimi Mirriam sina subira, na ploti yetu yote hapa Kayole inajua. Jirani yangu, Mama Nzau, ndiye aliyepewa subira ya watu wawili, yake na ile niliyonyimwa mimi. Anashona sare za shule kwa cherehani ya miguu, na kukiwa na matanga au harambee yoyote mtaani, wanamwita yeye aongoze makofi ya kilo. Anapiga matatu, watu wanajibu matatu, hata walionuna wanacheka.

Nyumba yake iko chini kabisa, imepakana na mtaro uliobomoka. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani. Angehama zamani, lakini mama yake mzazi amepooza, na ngazi za ghorofani zitamshinda. Kitanda cha mwaitu, ndivyo anavyomwita mamake, tumekiinua kwa matofali.

Kwa hiyo watu wa jiji walipotuita tutoe maoni kuhusu bajeti ya mwaka ujao, Mama Nzau alifunga mlango kwa kufuli, maana wezi wa mchana hawamhurumii mgonjwa, akatia ufunguo kifuani, tukaenda kwenye ukumbi wa mabati wa mtaa.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," akaniambia njiani. "Mtaro."

Afisa aliyekuja, Wahome, aliongea mpaka tukapiga miayo. Geti kubwa la kuingilia mtaani, lenye taa za urembo. Maua kwenye raundabauti. Geti, jamani! Nani alilia geti? Mtaro haukutajwa kabisa. Kisha akaita, "Mama Nzau yuko? Hebu tupatie makofi ya kilo!"

Mwenzangu akasimama. Ni mazoea tu. Akapiga, tukajibu, hata mimi mjinga nikajibu. Karani wa Wahome, msichana anayeitwa Eve, akasoma alichoandika: wakazi wamepokea mapendekezo ya bajeti kwa makofi.

"Ati nini?" nikaruka.

"Mama, si mmepiga wenyewe?" Wahome akatabasamu. "Maoni tutachukua mwishoni."

Mama Nzau akakaa polepole, uso umemshuka. Ndipo mabati yakaanza kulia. Kwanza matone, halafu mvua yenyewe.

Nikamshika mkono. "Nenda nyumbani. Mimi nitasema."

"Wewe ukishika maiki utatukana watu, tufukuzwe."

Kweli, ningetukana.

"Basi nipe ufunguo nikimbie mimi."

Akatia mkono kifuani, kisha akasita. "Peke yako humwinui mwaitu. Ngoja kidogo, wanakaribia kumaliza."

Kidogo gani? Nilikichukia hicho kidogo chake. Nje maji yalikuwa yanapita yakibeba pakiti za maziwa, na mwenzangu hakuondoa macho pale. Nilijua anachowaza: sasa yamefika mlangoni, sasa yamefika kwenye matofali. Nilitaka kumzaba mtu kofi.

Wahome akaangalia mvua, akaangalia gari lake. "Hali hii haituruhusu. Maoni mtayaleta ofisini. Mama Nzau, tufungie kwa maombi."

Basi, maoni yakafa hivyo. Kofia zikatoka vichwani, macho yakafungwa. Na hapa kwetu mtu akiomba hakatizwi, hata awe nani. Mama Nzau akasimama.

"Baba, tunakushukuru," akaanza, sauti ikishindana na mabati. "Umetusikia tukipiga makofi. Tulikuwa tunasalimia wageni tu, Baba. Geti hatukuomba. Tunaomba mtaro wetu utengenezwe kwa pesa za bajeti hii. Mama yangu sasa hivi amelala ndani ya maji, na ufunguo ninao mimi hapa. Kama tuko pamoja, tuseme Amina."

Wacha! Amina ile ilizima kelele za mvua. Nilifumbua jicho moja nikamwona Wahome mwenyewe akiisema, kwa mazoea.

"Eve!" nikafoka. "Makofi uliyaandika. Andika na hiyo!"

Eve akamtazama Wahome, kisha akainama, akaandika.

Mama Nzau hakungoja kuona. Tulikimbia, maji yakitufika magotini. Kufuli ilimshinda, nikampokonya ufunguo nikafungua. Matofali hayakuonekana tena. Mwaitu alikuwa amelala chali, godoro limelowa chepechepe, maji yanamgusa sikio, macho ameyakaza kwenye dari.

Tulimwinua, mimi na bintiye, tukamketisha juu ya meza ya cherehani. Alikuwa baridi sana. Mama Nzau akamkumbatia akilia kama mtoto. "Nisamehe, mwaitu. Nisamehe, nisamehe."

Mwaitu alitafuta pumzi kwanza.

"Mtaro," akauliza. "Wamekubali?"

Mama Nzau akanitazama. Mimi na mdomo wangu wote, nikainama kuchota maji.

"Wamesema Amina, mwaitu," akamjibu, akaanza kukamua shuka.