Mshale Uliposhuka Njia ya Ipole

Mfaume Abbasi wa mtaa wa Chemchem alikuwa fundi wa umeme wa magari tangu kabla ya uhuru, na mjini Tabora walimjua kwa ubishi wake: hakubali kubadilisha kifaa kabla hajakipima. Oktoba ya mwaka 1974, watu wa porini walipokuwa wakihamishiwa vijijini, aliitwa kwenye karakana moja kutazama lori la kazi hiyo.

"Mshale wa joto unapanda mpaka karibu na nyekundu, halafu unaanguka chini kabisa," alieleza Anton, dereva. "Sensa imekufa, Mzee Mfaume."

Sensa ni kile kipande cha shaba kinachofungwa juu ya injini, ncha yake ikizama ndani ya maji ili geji imwonyeshe dereva joto. Mfaume alichomoa waya wake, mshale ukalala. Akaugusisha waya kwenye chuma cha injini. Mshale ukaruka mpaka mwisho. Geji na waya havikuwa na kasoro. Kisha akaifungua sensa yenyewe, akatumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, akaiunga na mita ya umeme. Maji yalivyozidi kupata moto, mshale wa mita ulisogea polepole, bila kurukaruka, mpaka yakachemka. Alirudia mara ya pili. Jibu lilikuwa lile lile.

"Sensa ni nzima," alisema.

"Basi lori ni zima," alijibu Mahona, msimamizi wa msafara, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote ule.

"Sikusema hivyo, ndugu. Kama sensa haidanganyi, kuna kitu kingine kinachouangusha mshale. Nipe nusu siku niiendeshe injini mpaka ipate moto sawasawa."

Mahona alimtazama bila kupepesa. "Kesho kuna kaya tatu zinatusubiri ng'ambo ya Ipole. Na majina ya wanaochelewesha kazi hii, Ndugu Mfaume, yanaandikwa."

Mfaume alikuwa na mke na watoto watano. Aliirudisha sensa mahali pake, akasema atafuatana nao.

Waliondoka alfajiri. Kupita kijiji cha Ipole waliiacha barabara, wakaingia msitu wa warina asali. Miti ilikuwa mikavu, na moshi wa mahali fulani ulining'inia juu yake. Walipofika, mapaa ya nyumba zote tatu yalikuwa yamekwisha kuezuliwa. Watu walikuwa wameketi juu ya mizigo yao, kimya, hata watoto. Bibi mmoja mjane, Apolinaria, alipandishwa na kitanda chake, mtungi wa maji na kibuyu cha asali.

"Shikamoo, mama," Mfaume alimwamkia.

"Marahaba," alijibu, akiwa bado anaitazama nyumba yake.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kupanda. Jua lilikuwa utosini na lori lilikwenda kwa gia ya kwanza. Mshale ulipanda taratibu. Mfaume, aliyekaa dirishani, hakuuondolea macho. Ulipoigusa nyekundu ulitikisika, kisha ukashuka wote.

"Umeona?" Anton akacheka. "Imepoa yenyewe."

Injini yenye mzigo ule, mlimani, haiwezi kupoa yenyewe. Hapo ndipo Mfaume alipoelewa. Sensa ilikaa juu. Maji yakishapungua, ncha yake inabaki hewani na haina tena cha kupima. Mshale haukuwa umeshuka kwa ubaridi. Ulikuwa umeshuka kwa sababu maji yamekwisha.

"Zima! Zima injini, Anton!"

Anton alimtazama Mahona.

"Endelea," alisema Mahona.

Mfaume alipenyeza mkono mbele ya Mahona, akageuza ufunguo mwenyewe. Lori likasimama kwa kishindo, na katika ukimya ule wote wakaisikia injini ikilia kwa ndani, kama mtu anayesaga meno. Mvuke ukaanza kutoka.

"Fungua rejeta utie maji, haraka!" Mahona alimwamuru Anton.

"Usiguse!" Mfaume alipiga kelele huku akishuka, lakini Anton alikuwa kijana wa kutii wakubwa. Kifuniko kiliruka. Maji machache yaliyobaki yalimwagika yakichemka, yakambabua mkono mpaka kwenye kiwiko.

Apolinaria ndiye aliyeshuka na kibuyu chake. Alimpaka Anton asali mkono mzima, taratibu, akimnong'oneza Kinyamwezi. Mahona alisogea pembeni akawapa mgongo.

Injini ilipopoa, Mfaume alilala chini yake. Aliuona mpira wa rejeta, chini ya kibano: ufa mwembamba, uliojifunga mpira ukiwa baridi na kufunguka kwa joto. Ndiyo maana karakanani hapakuonekana hata tone. Alikata ile ncha yenye ufa, akausogeza mpira, akaukaza kwa waya. Kilichobaki kilikuwa maji ya kutia.

"Maji haya nimechota kisimani kwangu," Apolinaria alisema, mkono juu ya mtungi. "Huko mnakotupeleka kuna kisima?"

"Kitachimbwa," alijibu Mahona.

Apolinaria aliutazama mkono wa Anton, akawatazama watoto waliokuwa juu ya lori, kisha akamsukumia Mfaume mtungi. Wengine nao wakatoa ndoo zao. Yote yakaingia kwenye rejeta.

Anton hakuweza kushika usukani, kwa hiyo Mfaume aliendesha. Mshale ulipanda, ukatulia katikati. Alasiri walifika kwenye uwanda uliofyekwa, uliojaa vijiti vya kupimia viwanja. Hapakuwa na paa hata moja. Alipouliza maji yako wapi, mlinzi mmoja alinyoosha kidole kuelekea upeo wa macho.

Walipokwisha kupakua, Apolinaria aliketi juu ya kitanda chake, juani.

"Fundi, lori lenu sasa ni zima?"

"Ni zima, mama."

"Basi watawaleta na wengine."

Wiki ile lori lilirudi msituni mara nne, na halikuchemka tena. Kila liliporudi mjini, Mahona alimpa Mfaume mkono, akamsifu mbele ya mafundi wenzake. Mfaume alikuwa akiupokea mkono ule, halafu anakwenda bombani kunawa, na kusimama pale muda mrefu maji yakimpita vidoleni.