Chafya za Msimu wa Sufi

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nilijua kipupwe kimeisha kwa pua yangu. Magunia ya sufi yalianza kuingia kwenye nyumba tuliyopanga, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, na mimi nikaanza kupiga chafya. Nilipiga chafya uani, nilipiga chafya madrasa mbele ya mwalimu, macho yakaniwasha mpaka yakavimba. Mvua za vuli zikinyesha yote yaliisha, nikawa mtoto kama wengine.

Sufi zilikuwa za Mzee Shomari, fundi wa mito na magodoro aliyepanga chumba cha mbele. Kila asubuhi alizimwaga uani juu ya mkeka na kuzipiga kwa fimbo ili mbegu zitoke. Vumbi lake jeupe lilitua kwenye masufuria, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye nywele zetu. Mama alivumilia msimu baada ya msimu, kisha siku moja akamfuata na kumwomba kwa adabu akazipigie mahali pengine, kwa kuwa zinamwumiza mtoto.

Mzee Shomari hakukasirika, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie zaidi baadaye. Alitabasamu, akamwita Mama Zuhura, mwenye nyumba, akasema mbele ya wapangaji wote:

"Sufi hizi nalala nazo, naamka nazo. Mmewahi kunisikia napiga chafya? Mtoto huyu hayuko peke yake. Mtazameni nikiwasha ubani."

Ijumaa akawasha ubani, akapita ukumbini na chetezo chake kama alivyozoea kabla ya kufungua kazi. Nilipiga chafya mfululizo mpaka nikakaa chini. Leo najua kwamba pua iliyokwisha kuchubuka vile ingetoa chafya kwa moshi wowote, hata wa mkaa. Wakati ule kila mtu pale ukumbini alijua kitu kimoja tu, kwamba jini hapatani na ubani. Jirani aliyekuwa akinisuka nywele aliacha kunishika kichwa. Madrasa wenzangu walijivuta pembeni, nikabaki na jamvi langu peke yangu. Walinipa na jina, Jini Sufi, nikawa nalisikia hata nikitumwa sokoni.

Mama Zuhura alisema mtoto apelekwe kwa shangazi zake Lindi, la sivyo tutafute nyumba nyingine. Mama hakuwa na nyumba nyingine. Nilimkuta amekaa kitandani anakunja magauni yangu, na hakunitazama.

Ndipo akaja bibi yangu, Bi Somoe, mama yake mama, kutoka Magomeni. Sitasema alikuwa mwanamke mpole, maana angeniona mnafiki. Aliziangalia zile nguo zilizokunjwa, akauliza nani kasema mtoto ana jini. Mama akamtajia.

"Haya," akasema bibi. "Huyo nitamshughulikia. Kwanza pua."

Alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, yakapoa mpaka vuguvugu, akanifundisha kuyavuta puani kutoka kiganjani na kuyapenga. Akatundika kanga mbichi dirishani izuie vumbi lisiingie, na kila ilipokauka mimi ndiye niliyeilowesha. Alinikataza kulala bila kuosha nywele. Alinilambisha asali yenye habasoda. Jioni alibandika nyungu ya majani ya mkaratusi na mchaichai, akanifunika blanketi, nikavuta ule mvuke mpaka jasho likanitiririka. Daktari aliyenipima ukubwani alipoyasikia haya, alisifu maji ya chumvi, kanga na kuosha nywele. Kuhusu asali alitabasamu tu. Mimi nilichojua ni kwamba nililala usingizi mmoja mpaka asubuhi, pua zote mbili wazi.

Sasa maji ya nyungu hayamwagwi ovyo. Watu walikuwa wakiyapeleka njia panda, na waliamini anayeyakanyaga anaondoka na ugonjwa. Bibi hakwenda njia panda. Asubuhi, watu wote wakiwa macho, alibeba kile chungu na kumwaga maji na majani yake kwenye kizingiti cha Mzee Shomari.

"Chafya za mjukuu wangu ziko hapo," akasema. "Na zitampata anayestahili."

Mzee Shomari alichungulia. Chumba chake kilikuwa na mlango huo mmoja. Alivua makubadhi, akapandisha msuli, akaruka, na kisigino chake kikatua juu ya jani. Sote tuliona.

Wiki haikuisha. Tulimsikia akipiga chafya kule ndani, moja, nyingine, nyingine tena, na fimbo yake ikanyamaza. Nilifurahi, wala sitaficha. Nilikaa karibu na ukuta wa chumba chake nisipitwe na hata moja.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, macho mekundu, kitambaa mkononi.

"Bi Mkubwa, nisamehe. Nitolee."

"Njoo baada ya adhuhuri," akasema bibi. "Uani."

Alimketisha kwenye kigoda, akaweka chungu miguuni pake, akamfunika blanketi gubigubi. Wanawake wa nyumba nzima waliacha vyungu vyao. Bibi akavuta kigoda chake na kukalia ncha ya blanketi.

"Zimeanza lini?"

"Juzi, Bi Mkubwa. Baada ya wewe kumwaga yale maji."

"Nyungu haimsaidii mwongo. Zimeanza lini?"

"Bi Mkubwa, moto."

"Najua ni moto, nimeuchochea mimi. Zimeanza lini?"

Sauti ikatoka chini ya blanketi, ndogo.

"Mwaka juzi. Sufi zikija na mimi zinanipata. Huwa nafunga mlango, nazipigia ndani ya mto."

"Na mjukuu wangu ana nini?"

"Ana chafya tu."

"Sema kwa sauti. Mama Zuhura yuko mlangoni, hakusikii."

"Hana jini. Ni sufi. Ni sufi zangu."

Bibi hakuinuka hapohapo. Alitoa ugoro wake, akanusa, akapiga chafya moja ya raha, ndipo akamfunua.

Nimelifikiria sana lile blanketi. Maji yale hayakumpa mtu ugonjwa. Yalimtia hofu tu, akashindwa kuendelea kuuficha. Alijua. Alikuwa akilala kwenye vumbi lilelile, akiumia kama mimi, akaona afadhali mtoto wa mwenzake aitwe jini kuliko yeye kuhama uani. Ingekuwa ni ujinga ningemsamehe.

Mama Zuhura alimtoa uani na sufi zake siku ileile, na mama akazikunjua nguo zangu. Lakini aliyoyasema chini ya blanketi yalisikiwa na wanawake wa nyumba moja tu, na jina nililopewa kwa ajili yake lilikuwa limezagaa mtaa mzima. Niliitwa Jini Sufi mpaka namaliza shule.

Kwa hiyo nilimnyima shikamoo. Mtoto hana silaha nyingi, nami hiyo nilikuwa nayo. Kila nilipopishana naye ukumbini alipunguza mwendo akingoja, nami nikapita kimya. Bibi, ambaye angenichapa kwa kutomwamkia hata muuza maji, alikuwa akiniona na kuniacha.

Mwaka jana nilimkuta Kariakoo, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka la mwanawe la magodoro ya sponji. Amekonda, macho yamefifia. Nilikuwa nimekuja kununua godoro, na nilipomtambua nikasimama palepale. Mwanawe akanikaribisha, akamwambia baba yake kwa sauti kwamba kuna mgeni amesimama.

"Habari za leo," nikasema.

Mzee akanigeuzia uso, akanyoosha mkono kuelekea sauti yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Sikumsahihisha. Niliondoka bila godoro, na njia nzima nilikuwa namwaza bibi. Angekuwa hai angenigombeza, si kwa kumnyima yule mzee shikamoo, bali kwa kusimama pale mpaka akadhani nimempa.