Prefe Wangu wa Zamani Anasoma Takwimu

Ujumbe wake wa kwanza wa sauti uliingia simuni mchana, mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Ulianza na neno lake la kunyamazishia darasa: "Silensi!" Ikafuata pumzi ndefu, kisha ombi la kujiunga na masomo yangu ya takwimu.

Mama aliuacha mchi ndani ya kinu. "Ule si prefe wa shule yenu? Umefanya nini tena?"

"Anataka nimufundishe."

"Uongo."

Nilikuwa nimemaliza sekondari chini ya mtu huyu, mkuu wa shule yetu, miaka saba iliyopita. Sasa naendesha kundi dogo la masomo kwa simu, hapa hapa Kamina, lenye wanafunzi kumi na wanne wa vyuo vikuu. Wengi wako Lubumbashi, na wawili ni wake wa wanajeshi pale kambini. Asubuhi naandika zoezi kwenye ubao, naupiga picha, narekodi maelezo, natuma. Mtandao ukipenda, yanafika.

Prefe alikuwa amehamishiwa shule ya Mulongo, kando ya Lualaba, na alibakiza mtihani mmoja tu, wa takwimu, ili apate lisansi, shahada yake ya chuo kikuu. Bila lisansi, cheo chake kingekwenda kwa naibu wake, kijana ambaye yeye mwenyewe alimchapa zamani kwa kuchelewa. Zilibaki wiki tano.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama ameelewa.

"Swali ile njo minyi naulizaka," akajibu, yaani kuuliza hivyo ni kazi yake.

Mazoezi hakufanya hata moja. Alisikiliza maelezo yangu na kuyapa alama. "Kumi na mbili juu ya makumi mbili. Sauti iko chini." Wiki mbili zilipita hivyo. Somo lilikaguliwa vizuri sana na halikusomwa.

Kisha nikakosea. Jua lilikuwa kali na akili yangu ilikuwa kwenye riwaya ninayoiandika. Nilitafuta wastani wa uzito wa samaki tisa, nikagawanya kwa nane. Jibu lake lilifika mbele ya kundi zima kabla sijanawa chaki mikononi.

"Silensi! Mwalimu, samaki ziko tisa. Weye umegawa na munane. Ya tisa uliikula?"

Alikuwa amefanya hesabu yote upya, hatua kwa hatua, kwa mwandiko ule ule ulionyooka kama reli. Alikuwa sahihi.

Kesho yake nilikosea kwa makusudi. Keshokutwa pia. Mtu huyu hakuweza kufanya zoezi alilopewa na mwingine, lakini hakuweza kulala karibu na kosa. Kila wiki niliyapandisha makosa yangu darasa. Kutengeneza kosa zuri ni kazi ngumu: linapaswa kujificha ndani ya hesabu kama mwiba ndani ya samaki, na kumpata mlaji huyo huyo uliyemkusudia.

Nilimwomba anisahihishe faraghani. Alikataa. Kosa la mbele ya watu, alisema, linasahihishwa mbele ya watu. Kwa hiyo kila jioni niliwatumia wengine jibu sahihi mmoja mmoja, nikiwaomba wanivumilie hadi mtihani wake upite. Wawili hawakuvumilia. Mmoja, alipokuwa akitoka kwenye kundi, aliniandikia, "Pole, mwalimu. Upumzike."

Siku ya matokeo mama hakutwanga chochote. Tulikaa na simu katikati yetu, juu ya kiti chake chenyewe. Saa tisa ikalia.

"Silensi! Nimepita. Kumi na ine. Naibu amekuja kunipongeza, na uso yake ya kununa."

Mama alipiga vigelegele. Nilimwambia hongera, prefe.

"Aksanti, mutoto. Sasa tuongelee shida yako."

Wiki iliyofuata walimu watatu wa shule yake waliomba kujiunga nami, wote wakiwa nyuma na lisansi zao. Mmoja alinitumia, kwa heshima, barua ambayo prefe aliwaandikia ili kunipendekeza. Ilikuwa fupi: "Huyu mwalimu anakosea sana, lakini anakubali kusahihishwa. Muende, mumusaidie."