Kanga Nyuma ya Viti

Ta. Kimya. Ta. Kimya. Kama mtu anayebisha hodi halafu anaghairi. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nililikuta gari la shemeji chini ya mkorosho, boneti wazi. Miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila kitu kilishuka melini, hata nyumba zenye magurudumu. Gari lake lilikuwa la mtumba, lina kitanda na jiko; aliuza redio huko kusini na kulala humo humo.

Alikuja kumchukua dada yangu. Dada alirudi kwetu Kibiti kwa uzazi wa kwanza, na arobaini ilikwisha. Ila mama alitoa sharti moja: mjukuu wake hasafiri ndani ya bati la moto. Kiyoyozi kisipopona, haondoki mtu.

Sikutulia. Nilikwenda kwenye gari, nikarudi ndani kwa dada, aliyekuwa akifunga nguo na kuzifungua tena. Nilitaka kipone. Nilitaka kisipone.

"Bosi, umenunua nyumba yenye honi," fundi wa friji kutoka Ikwiriri alimwambia shemeji. "Kompresa inashika, inaachia. Gesi imepungua. Tutafute inakotorokea."

Alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba. Kwenye kimoja povu lilivimba, likapasuka, likavimba tena. Akabadilisha mpira uliokauka, akaunganisha pampu aliyoiunda kwa kompresa ya friji kuukuu, akanyonya hewa yote mabombani, akazima. Mshale wa geji ukirudi, bado panavuja. Tuliukodolea macho. Haukurudi. Akajaza gesi, injini ikinguruma, na ile ta ikalia mara moja tu, kompresa ikashika.

"Mwambie mama linapoza," shemeji aliniambia, ingawa mama alisimama pale pale kizingitini. Mtu na mkwewe, kwetu, hawasemeshani hivi hivi.

"Mwambie siamini maneno."

"Mwambie apande ajaribu."

Mama aligeuza uso. Fundi akacheka. "We bwana, unamwita mkweo chumbani kwako?"

Ndipo shemeji alipokumbuka kitanda, wazi nyuma ya viti, shuka limekunjamana. Mama mkwe haingii penye kitanda cha mkwewe. Shemeji aliinamisha kichwa kama aliyetukana.

Dada alitoka ndani, akavua kanga ya mabegani, akaifunga nyuma ya viti, kutoka ukuta hadi ukuta. Kitanda kikapotea. Shemeji akaenda kusimama mbali, mgongo kwetu, na mama akapanda mbele. Aliweka kiganja kwenye tundu la upepo, kisha shavu. Alikaa humo muda mrefu kuliko kupima kulivyohitaji.

Aliposhuka aliniwekea mikono shingoni, ya baridi.

"Mvisheni mtoto soksi," alisema.

Dada akapanda na mtoto. Mama mwenyewe aliusukuma mlango, mara moja, ukashika.