Mti wa Nne

Nilikuwa pale Shari nikibishana na fundi viatu aliponikatiza: "Na ule mupiga-foto rafiki yako amekufa, weye haujasikia?" Sikuwa nimesikia. Nilisimama na kiatu kimoja mkononi, na nawaambia ukweli, nyinyi mnaonisoma kila juma, kilichonijia kwanza si machozi, ni aibu. Kuna jambo tulilofanya pamoja ambalo sijawahi kuthubutu kuliandika hapa.

Wengi wenu mmekaa mbele ya pazia lake la buluu kwa picha ya kadi ya shule au ya harusi. Lakini kila bunduki ziliponyamaza na barabara ikatulia kidogo, alipanda pikipiki kwenda kupiga picha za pori. Si za wanyama wala ndege. Miti tu, na kamba za msituni zilizoisokota. Tulimcheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilipomwuliza anaona nini mle, alijibu bila haraka: "Pori iko na makelele. Miti yote inasema mara moja. Siye tunatafuta ile yenye iko na neno, ingine tunainyamazisha." Wala hakuinyamazisha kwa panga. Alipenda kwenda asubuhi yenye ukungu, ili ukungu umfutie miti ya nyuma. Kisha alisogea kushoto, akachuchumaa, akarudi nyuma, mpaka shina moja lisimame peke yake. Niliwahi kumsubiri azunguke mti mmoja kwa muda wa kuivisha maharage.

Basi mwaka mmoja, katika utulivu wa namna hiyo, aliitwa kupiga picha za kipaimara Aveba, nami nikamfuata. Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande ule na kuhamia hapa kwa dada yake akaja kumshika mkono. Alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza nyuma ya nyumba, miaka mingi kabla ya kukimbia. Nyumba ilichomwa, na miguu yake haikuweza tena safari. "Papa, unipigie foto ya pahali mutoto wangu analala. Nijue kama pangali pale." Akatueleza kwamba baba wa mtoto alichomeka vijiti vinne, kimoja kila pembe ya kaburi, vya kufika hapa. Akaonyesha goti.

Kwa hiyo, kipaimara kilipokwisha, tulienda kutafuta vijiti vya kufika gotini. Kijana wa jirani aliyetuongoza alituonyesha mafiga mawili ya jiko lake; nyumba na uwanja vilikuwa vimemezwa na pori. Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye hakukubali mtu apigwe picha kabla uwanja haujafagiwa, na nadhani hata ninyi mko hivyo. Mwenzangu akiwa bado anatazama, nikachukua panga la yule kijana nikaanza kusafisha. Nilikata vichaka, nikakata na kamti kembamba kilichoziba mbele.

"Acha! Unakata mbele ya kuangalia!" Kweli nilikata kabla ya kuangalia, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alichuchumaa, akasogea hatua mbili, akanyoosha kidole: shina moja, la pili, la tatu, ya aina moja, yakiwa yamesimama pembe kwa pembe. "Pori haipandake muti hivi," alisema polepole. Vijiti vilikuwa vimeota. Cha nne kilikuwa kimelala miguuni pangu, utomvu wake ukikauka kwenye panga.

Nilimwomba akifiche kisiki. Angesogea kidogo tu kulia, kisingeonekana. Alikataa. "Mama atahesabu," alisema.

Na mama alihesabu. Kidole chake kilipita juu ya picha, moja, mbili, tatu, kikasimama kwenye kisiki. Nikamwambia ni mimi. Alilia, nami nikalia mbele yake bila kujizuia. Kisha akapangusa uso: "Ile muti haiwezi kufa, itaota. Lakini weye, siku ingine, uliza mbele ya kukata."

Amani yetu hii inalala na viatu miguuni, na kila mtu ana hamu ya kusafisha upesi, ili picha itoke nzuri. Tunasema yaliyopita yafyekwe, tuanze upya. Nami nasema, kwa makosa ya mkono wangu mwenyewe, katikati ya vichaka mna makaburi ya watu. Marehemu alitufundisha kusogeza miguu kabla ya kuinua panga.

Tulimzika Jumamosi. Mama yule alikuja polepole, akiegemea bega la dada yake, na vijiti vinne vibichi mkononi. Vitatu alivichomeka mwenyewe, pembe kwa pembe. Cha nne akanipa mimi.