Wimbo Uliokatwa na Msumeno

Pale Guangyuan Xilu, mtaa wa soko la nguo jijini Guangzhou, China, mwaka 1998, Agripina alijulikana kama mama wa mashati. Alitoka Bukoba, alinunua kwa robota na kusafirisha nyumbani. Waliojua kwamba anapuliza saksafoni walikuwa wachache, maana mazoezi aliyafanyia ndani ya stoo ya mizigo, katikati ya marobota, ambako nguo humeza sauti na jirani hana la kugombea.

Kupuliza alianzia katika bendi ya tarumbeta ya kanisa la Kilutheri kwao. Lakini walimu wake wakubwa aliwakuta Guangzhou, ndani ya gunia la plastiki chakavu. Wauza chakavu walikuwa na sidii, yaani CD za muziki, zilizotupwa na wenye nazo ng'ambo, zikapigwa msumeno ukingoni ili zisiuzike tena. Kwa kuwa sidii husomwa kuanzia katikati, msumeno uliula kipande cha wimbo wa mwisho tu. Zilizotangulia zililia vizuri. Humo akawakuta wapuliza saksafoni wa jazi wa Marekani: Coleman Hawkins, mwenye sauti nene iliyojaza chumba. Akamkuta Charlie Parker, akikimbia bila kujikwaa. Na Lester Young, aliyempenda kuliko wote. Young hakuisukuma sauti. Aliiachia taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Agripina alimsikiliza mpaka akajua anavuta pumzi wapi.

Siku moja akasikia kwamba Khatib, mtu wa Tanga aliyepiga kinanda na bendi yake katika hoteli moja karibu na stesheni, amekimbiwa na mpuliza saksafoni wake. Nafasi ile Agripina aliitaka kuliko faida ya kontena zima. Akaenda kujaribiwa.

"Dada'angu, mashati yananunuliwa kule nje," Khatib alimpokea.

"Ya leo nimeshanunua. Tupige nini?"

"Chagua mwenyewe."

Ulimi ukamtangulia. Akautaja ule wimbo wa Young aliokuwa akiulalia na kuuamkia, na papo hapo akakumbuka: ulikuwa wa mwisho kwenye sidii. Mwisho wake hakuwahi kuusikia. Khatib alikwisha kuanza.

Agripina akaingia, laini, bila kusukuma. Tabasamu la kejeli alilompokea nalo Khatib likafifia. Wakaenda pamoja hadi pale ambapo sidii hukwama. Ndipo akakumbuka jinsi bendi ya kwao inavyomaliza wimbo wa kumsindikiza marehemu: haikati, inapungua. Akapunguza, akapunguza tena, hadi ikabaki pumzi tupu ndani ya shaba.

Khatib alikawia kuondoa mikono kwenye kinanda.

"Young haumalizi hivyo."

"Nakuamini. Mimi niliuuziwa umekatwa. Nikaushona mwenyewe."

Khatib akacheka kidogo, akavua miwani na kuifuta. "Basi Ijumaa usije na mshono mwingine. Nautaka huohuo. Na uvae nyeusi."

"Nyeusi ninazo robota zima, kaka."